Mzigo Kupanda Bara



Mtajie mtu reli ya zamani ya Mombasa, na neno la kwanza atakalokujibu ni simba. Simba wa Tsavo wanajulikana dunia nzima. Mwaka 1898 walizivamia kambi za wajenzi wa daraja la mto Tsavo, wakala watu, kazi ikasimama kwa muda, mpaka mhandisi John Henry Patterson alipowaua mwezi Desemba. Patterson aliandika kitabu, filamu zikafuata, na hadi leo simba wale wawili wamesimama katika Field Museum mjini Chicago. Sina ugomvi na kisa hicho. Watu walikufa, na kukumbukwa ni haki yao. Ila simba waliisumbua reli hii kwa miezi kadhaa tu, na mwinuko wa nchi umeisumbua tangu siku ya kwanza, mchana na usiku, kizazi baada ya kizazi. Aliyeukabili mwinuko huo hakuwa mwindaji mwenye bunduki. Alikuwa dereva wa treni ya mizigo, na fayamani wake, na fundi wa boila, na mtu wa shedi aliyejipaka grisi mpaka viwikoni. Hao ndio ninaotaka kuwazungumzia leo, wao pamoja na injini zao za mvuke. Kwangu mimi historia ya reli yetu ni historia ya mizigo na milima, na imeachwa nyuma ya mikia ya simba kwa muda mrefu mno.

Tuanzie pwani. Kilindini iko usawa wa bahari. Treni ya mizigo inatoka kisiwani, inapita Changamwe na Miritini, na papo hapo, kabla injini haijapata joto sawasawa, inakutana na vilima vya Mazeras. Hapo njia ya reli inajizungusha na kupita juu ya yenyewe ili ipate urefu wa kupandia. Kisha nyika ya Taru, kavu, haina mto wala kisima cha kutegemea. Mackinnon Road, Voi, Tsavo, Mtito Andei, Makindu, Sultan Hamud, mbuga za Kapiti, Athi River, na mwishowe Nairobi. Ni kama kilomita 530. Kutoka maji ya chumvi mpaka Nairobi umepanda karibu mita 1,700.

Msafiri aliyeketi dirishani haoni mlima wowote kwa sehemu kubwa ya safari hiyo. Anaona miiba, vumbi jekundu, tembo akibahatika, na upeo ulionyooka. Hapo ndipo ulipo ugumu wa njia hii. Mlima wenye kilele unaonekana, unaupanda, unaumaliza, unashuka. Nchi hii inainuka polepole, saa baada ya saa, na injini haipati mahali pa kupumzika. Jicho linadanganyika, boila haidanganyiki.

Naomba dakika moja ya hesabu, maana bila hesabu hii mambo mengine yatabaki sifa tupu. Mwinuko mkali uliokubaliwa katika njia kuu ya Mombasa hadi Nairobi ulikuwa asilimia moja na nusu. Yaani ukienda mita 100 mbele, umepanda mita moja na nusu. Ukitembea kwa miguu huenda usiuhisi. Lakini kila tani moja iliyoko kwenye mwinuko huo inavutwa kurudi nyuma kwa nguvu ya kilo 15. Sasa funga treni ya tani 1,200 za mizigo, uongeze injini yenyewe ya tani 250. Zidisha. Unapata karibu tani 22 za nguvu zinazotaka kuirudisha treni Mombasa, kabla hujahesabu msuguano wa magurudumu, kabla hujahesabu kona, ambazo nazo hukaza. Injini ikitoa nguvu pungufu ya hapo, treni inasimama. Na treni ya tani 1,200 ikishasimama katikati ya mwinuko usiku, kuiondoa tena ni shughuli ya watu wazima.

Mwinuko huo haukuwabana madereva peke yao, ulipanga hata miji. Nairobi ilianza kwa sababu yake. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika pale mwezi Mei 1899, na wahandisi wakaamua kuweka bohari, yadi na karakana, kwa sababu pale ndipo palipokuwa na uwanda wa mwisho kabla ya kuanza kupanda kuelekea Kikuyu na Limuru. Mbele yao kulikuwa na ukingo wa Bonde la Ufa. Mwanzoni, kabla njia ya kudumu haijakamilika, vifaa na mabehewa viliteremshwa ukingoni kwa kamba za chuma. Reli ikafika Kisumu mwezi Desemba 1901. Wajenzi walioletwa kutoka India walikuwa kama 32,000, na karibu 2,500 kati yao walifariki. Nikumbushe tu, wengi wa hao waliofariki waliuawa na maradhi na ajali za kazi. Baadaye njia nyingine ikatoka Nakuru, ikafika Eldoret mwaka 1924 na Kampala mwaka 1931, na kwenye njia hiyo karibu na Timboroa treni hupanda mpaka karibu mita 2,800 juu ya usawa wa bahari. Yaani mzigo wa kwenda Uganda ulipanda mpaka Limuru, ukashuka bondeni Naivasha, ukapanda tena mpaka Timboroa, ukashuka tena kuelekea Tororo.

Injini za mwanzo zilikuwa ndogo na zilichoma kuni. Mikaratusi mingi unayoiona nyanda za juu za Kenya ina uhusiano na jambo hilo: mti huo uliingizwa nchini mwanzoni mwa karne ya ishirini hasa kwa ajili ya kuni za reli, kwa kuwa unakua upesi. Injini ndogo inavuta treni fupi. Treni fupi zikiwa nyingi, njia inajaa, maana njia yenyewe ni moja tu. Treni inayopanda na inayoshuka hupishana stesheni, mmoja akimsubiri mwenzake. Ukitaka kupeleka mzigo zaidi bila kujenga reli ya pili, dawa ni moja: treni ndefu zaidi, na injini kubwa zaidi ya kuivuta.

Hapo ndipo penye kitendawili. Injini ikikua inakuwa nzito. Ikiwa nzito inavunja reli nyepesi na madaraja. Ukiigawia uzito kwenye magurudumu mengi, inakuwa ndefu na haipiti kona. Na reli yetu ilikuwa ya upana wa mita moja, yenye kona nyingi kwa sababu ilijengwa ikifuata umbile la nchi, haikupasua vilima. Wahandisi wa reli walijaribu injini za aina ya Mallet kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwaka 1926 wakapata jibu: Garratt.

Herbert William Garratt alikuwa mhandisi Mwingereza aliyefanya kazi na reli za nchi mbalimbali, na hataza ya wazo lake ilipatikana mwaka 1907. Kiwanda cha Beyer, Peacock cha Manchester ndicho kilicholichukua, na injini mbili za kwanza zilikwenda Tasmania mwaka 1909. Garratt mwenyewe alifariki mwaka 1913, hakuona wazo lake lilivyotapakaa Afrika. Wazo ni hili. Fikiria machela: watu wawili, mmoja mbele mmoja nyuma, na mgonjwa amelala katikati. Watu wale wawili ni seti mbili za magurudumu na silinda, kila moja ni injini kamili. Mgonjwa ni boila. Boila imening'inia katikati, imeegemea egemeo la mbele na egemeo la nyuma, na kila seti inajigeuza yenyewe kufuata kona. Kwa kuwa chini ya boila hakuna magurudumu, fundi ana uhuru wa kuifanya nene anavyotaka, na tanuri lake kuwa pana na la kina. Tangi la maji linakaa juu ya seti ya mbele, na mafuta pamoja na maji mengine juu ya seti ya nyuma. Uzito umesambaa, reli imepona, na nguvu imepatikana.

Sijaona wazo la kihandisi lililoikaa nchi yetu vizuri kuliko hili. Lilizaliwa mbali, lakini lilikuja kuiva hapa na kusini mwa Afrika, penye reli nyembamba, milima, na mzigo mkubwa.

Baada ya vita vya pili mambo yakawa magumu. Mwaka 1948 reli ya Kenya na Uganda iliunganishwa na ile ya Tanganyika, likazaliwa shirika la Reli na Bandari za Afrika Mashariki. Uchumi ulikuwa unapanuka, bwawa la Owen Falls linajengwa Jinja, saruji na mitambo inapita Mombasa, na bandari ikasongamana. Meli zilingoja. Mzigo ulishushwa ukabaki gatini kwa sababu reli haikuweza kuuondoa upesi kama ulivyoingia. Ndipo shirika likaagiza Beyer, Peacock injini za daraja la 59.

Zilifika kati ya 1955 na 1956, zikiwa 34. Nizisome sifa zake taratibu. Uzito wa tani 252 ikiwa tayari kwa kazi. Urefu zaidi ya mita 31. Magurudumu ya kuendeshea 16, manane mbele, manane nyuma, na mengine madogo ya kuongoza na kubeba. Silinda nne. Boila yenye kipenyo cha zaidi ya mita mbili na robo, yaani mtu mrefu angesimama ndani akiwa na kofia, na hiyo ikipita juu ya reli zenye upana wa mita moja tu kati yake. Nguvu ya kuvuta pauni 83,350, karibu tani 38. Rudi kwenye hesabu yetu: mwinuko ulikuwa unadai 22 na ziada ya msuguano. Sasa unaelewa kwa nini Garratt hii ilipewa tani 1,200 na ikazifikisha Nairobi. Hakukuwa na injini ya mvuke ya reli ya mita moja iliyoizidi nguvu popote duniani, na katika miaka ya 1970, wakati majitu ya Marekani yalikuwa yamekwisha kuzimwa, hizi zetu zilikuwa miongoni mwa injini za mvuke zenye nguvu kuliko zote zilizobaki kazini.

Ziliundwa pia kwa namna ambayo ingewezekana kuzibadilisha zitumie reli pana kidogo, ya futi tatu na inchi sita, kama ile ya kusini mwa Afrika, kwa sababu wakati ule palikuwa na ndoto ya kuziunganisha reli hizo. Ndoto haikutimia na magurudumu hayakubadilishwa.

Zilipakwa rangi ya damu ya mzee, na kila moja ilipewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Mount Kenya, Mount Kilimanjaro, Mount Meru, Ruwenzori, na milima mingine isiyotajwa sana. Nazipenda hasa hizo zisizotajwa sana. Wakati injini za daraja la 60, Garratt nyepesi zaidi za miaka ya 1953 na 1954, zilibandikwa majina ya magavana wa kikoloni, na baada ya uhuru vibao hivyo vikang'olewa, majina ya milima yalidumu. Injini nyingine, zisizo Garratt, ziliitwa kwa makabila ya Afrika Mashariki. Kwa hiyo mtoto aliyesimama kando ya reli angeweza kusoma jiografia ya nchi tatu ikipita mbele yake na mabehewa ya saruji nyuma.

Hii ni redio, kwa hiyo lazima nizungumzie sauti. Injini ya kawaida ya mvuke inapopanda inatoa mapigo manne kwa kila mzunguko wa gurudumu, yamepangana sawasawa. Garratt ni injini mbili zinazotumia dohani moja. Seti ya mbele na ya nyuma hazikufungamanishwa, na magurudumu hayalingani kabisa, moja limechakaa kidogo kuliko jingine. Basi mapigo yanakwenda pamoja, mazito, manne manne, halafu polepole yanaachana, yanakuwa manane mepesi yanayofukuzana, halafu yanarudi kuungana tena. Mwinuko mrefu ulikuwa na muziki huo unaobadilika bila mtu kuupiga. Dereva aliusikiliza kwa kazi, si kwa starehe: pigo likiruka ghafla na kuharakisha, ni ishara kwamba seti moja imeteleza.

Kuteleza ndiko hasa hofu ya kila dereva wa mizigo. Chuma juu ya chuma hushikana kidogo. Umande wa alfajiri, mvua ya kwanza inayochanganyika na vumbi na mafuta, majani yaliyosagwa juu ya reli, yote hayo hupunguza mshiko. Magurudumu yakianza kuzunguka bure, dereva anatakiwa apunguze mvuke mara moja, amwage mchanga mbele ya magurudumu, kisha aongeze mvuke tena kwa mkono mwepesi. Akichelewa, mwendo umekufa. Akizidisha, anateleza tena. Na Garratt ilikuwa na tabia yake ya kuongeza ugumu: maji yaliyomo matangini ndiyo sehemu ya uzito unaokandamiza magurudumu. Kadiri safari inavyoendelea, maji yanageuka mvuke na kupotelea angani, injini inakuwa nyepesi, mshiko unapungua. Dereva aliyetoka Mtito Andei na matangi yamejaa hakuwa na injini ileile anapokaribia kituo cha maji kinachofuata. Hilo hukulisoma kwenye saa yoyote ndani ya chumba cha dereva. Ulilijua kwa mwili.

Fayamani naye, wengi wanadhani kazi yake ilikuwa kupiga koleo. Kwenye injini hizi haikuwa hivyo. Tanuri lilikuwa na ukubwa ambao mkono wa binadamu usingeweza kulilisha kuni wala makaa kwa mwendo wa saa nane. Lilichoma mafuta mazito, meusi, yanayohitaji kupashwa moto kwanza ndipo yatiririke, kisha yanapulizwa na mvuke yaingie tanurini kama ukungu na kuwaka. Fayamani alikaa na vali zake mkononi. Dereva akifungua mvuke, yeye aongeze mafuta na hewa kwa wakati uleule. Dereva akifunga, yeye apunguze. Mafuta yakizidi, moshi mweusi unajaa na masizi yanaganda ndani ya mirija ya boila. Mafuta yakipungua, shinikizo linaanguka na mwinuko haukusubiri. Watu wawili hawa walihitaji kusomana kuliko wanandoa wapya. Na kila baada ya muda, injini ikiwa inapanda kwa nguvu, fayamani alitupa mchanga kidogo tanurini. Mvuto mkali wa hewa ukauchukua mchanga huo ndani ya mirija, ukakwangua masizi, na kutoka dohani ukaibuka wingu jeusi lililoonekana kutoka mbali. Waliokaa jirani na reli walianua nguo zao kambani.

Kuna jambo jingine la dohani linalonifurahisha. Kuanzia mwanzo wa miaka ya 1960 utaona kwenye picha kwamba dohani la injini hizi si la mviringo tena. Limebanwa, jembamba na refu kwenda nyuma. Hicho ni kifaa cha Mwaustria Adolph Giesl-Gieslingen, kilichopanga upya namna mvuke uliokwisha kazi unavyotoka na kuvuta hewa ya moto nyuma yake. Kiliongeza uwezo kwa mafuta yaleyale. Dunia nyingine ilikuwa inazitupa injini za mvuke wakati huo, na Nairobi walikuwa bado wanaziboresha.

Safari ilikuwa ndefu kuliko zamu ya mtu mmoja. Kwa hiyo nyuma ya injini lilifungwa behewa la wafanyakazi, lenye vitanda na mahali pa kupikia, na ndani yake kundi la pili: dereva na fayamani wengine wakilala wakati wenzao wanaendesha. Baada ya saa nane hivi wanabadilishana. Injini haikuzimwa na haikubadilishwa njiani. Hebu fikiria kulala mita chache nyuma ya boila ile, kwenye mwinuko, katika joto la Tsavo, ukijua kwamba utaamshwa saa nane usiku uishike wewe.

Utaratibu huo ulikuwa na tunda lake. Injini ilikuwa ya watu maalumu, waliijua kama mkulima anavyolijua shamba lake. Waliing'arisha shaba, wakapaka rangi kingo za matangi, wakaweka nyota na mapambo mbele ya boila kwa fedha zao. Wengi wa madereva wa miaka ya hamsini na sitini walikuwa Wahindi, hasa Masingasinga, ambao baba zao na babu zao walikuja na reli yenyewe. Waafrika kwa miaka mingi walizuiwa kwenye ngazi za chini. Malipo na vyeo vilipangwa kwa rangi, Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini, hata pale ambapo mikono yao ilikuwa juu ya vali zilezile. Ni aibu ya mfumo ule na haipaswi kupakwa rangi ya damu ya mzee ikang'aa. Wafanyakazi wa reli waligoma, wakaunda vyama, wakadai. Chuo cha mafunzo ya reli kilifunguliwa Nairobi mwaka 1956, na kadiri uhuru ulivyokaribia na kufika, fayamani Mwafrika akahamia upande wa pili wa chumba, kwenye kiti cha dereva. Daraja la 59 liliendeshwa na Waafrika katika miaka yake ya mwisho, na waliliendesha kwa ufundi uleule.

Mzigo wenyewe ulikuwa nini? Kwenda bara: petroli, mashine, saruji, vyuma vya kujengea, mbolea, nguo. Kurudi pwani: kahawa na chai, pamba ya Uganda, magadi, na baada ya reli kufika Kasese mwaka 1956, shaba ya migodi ya Kilembe. Treni ya kushuka watu huiona nyepesi. Madereva wenye uzoefu hawakuiona hivyo. Kupanda, ukikosea, unasimama. Kushuka, ukikosea, husimami. Mzigo wa shaba na kahawa unaoteremka kutoka Timboroa au kutoka Limuru unasukuma injini kwa nguvu zote zile tulizohesabu, safari hii zikiwa nyuma yako, na kazi yote iko kwenye breki. Breki zikipata moto kupita kiasi zinapoteza makali. Ilibidi kusimama, kuzipoza, kukagua behewa moja moja.

Nchini Tanzania hali ilikuwa tofauti kidogo. Reli ya Kati, iliyoanza Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914, ina mwinuko wake mkali pale Saranda, treni inapotoka uwanda wa Bahi kupanda kuelekea Manyoni. Lakini reli zake zilikuwa nyepesi, haziwezi kubeba ekseli ya tani 21 kama ya daraja la 59. Kule zilihitajika injini zenye mguu mwepesi. Garratt za daraja la 60 zilikuwa na ekseli ya kiasi cha tani 11 tu, na uzito huo mdogo uliziruhusu kwenda kusikofikika na ndugu zao wakubwa.

Zilikwishaje? Polepole, na kwa sababu kadhaa zilizokuja pamoja. Dizeli za kwanza za njia kuu ziliingia kuanzia 1960. Dizeli haihitaji vituo vya maji nyikani, haihitaji kuoshwa boila kila mara ili kuondoa ukoko wa maji magumu, na dizeli mbili au tatu zinaendeshwa na dereva mmoja. Siwezi kubishana na hesabu hiyo. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, shirika likagawanywa, vipuri na mafundi vikatengana kwa mipaka. Mwaka 1978 bomba la mafuta kutoka Mombasa hadi Nairobi lilianza kazi, na petroli, mzigo mkubwa wa kupanda, ikaanza kuhama kutoka kwenye reli. Kufikia 1980 daraja la 59 lilikuwa limeondoka kazini. Reli mpya ya kisasa iliyofunguliwa mwaka 2017 imeushughulikia mwinuko uleule kwa njia nyingine: madaraja marefu, tuta refu, vilima vilivyokatwa. Mlima haukupungua, umelipiwa kwa saruji na deni badala ya mvuke.

Kati ya 34, mbili zimehifadhiwa katika Makumbusho ya Reli jijini Nairobi: namba 5918, Mount Gelai, na namba 5930, Mount Shengena. Gelai uko karibu na ziwa Natron, na Shengena ni kilele cha milima ya Upare, kwa hiyo injini zote mbili zilizobaki Nairobi zina majina ya milima ya Tanzania. Ukienda, usiridhike kupiga picha mbele ya taa. Nenda ubavuni, chuchumaa, utazame pale boila inapokutana na seti ya magurudumu, ulione egemeo lenyewe lililobeba uzito wote ule na kugeuka kila kona kati ya Kilindini na Nairobi. Kisha panda chumbani kama umeruhusiwa, uhesabu vali za fayamani.

Vali zipo. Ambacho hakipo pale ni mikono iliyozijua, na mikono hiyo inazeeka haraka. Aliyekuwa fayamani kijana mwaka 1975 sasa ana miaka sabini na zaidi. Wapo Voi, wapo Makindu, wapo Nakuru, Eldoret, Tororo, Tabora. Msikilizaji, ikiwa mmoja wao ni baba yako, au babu, au mzee wa jirani yako, nenda kwake ukiwa na simu yenye chaji, na usimwulize habari za simba. Mwulize alikuwa anatupa mchanga tanurini akifika wapi. Mwulize ni mwinuko gani kati ya Voi na Sultan Hamud uliomsimamisha, na aliondokaje. Mwulize injini ipi ilikuwa yake, na ipi hakuitaka. Mwulize walipika nini katika behewa la nyuma.